Mawe ya Nzaui na Nzambani: Suala la Kuikubali Nafsi katika Fasihi Simulizi ya Wakamba na Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu aliyewahi kufundisha fasihi simulizi katika shule za Kitui na Makueni huenda ameliona jambo hili. Akifika kwenye mada ya visasili na mighani, huwaomba wanafunzi watoe mifano kutoka nyumbani kwao. Haipiti muda kabla mkono mmoja kuinuka na jiwe la Nzambani kutajwa. Mtu akilizunguka mara saba, mwanafunzi hueleza, akiwa mwanamume hugeuka mwanamke, na akiwa mwanamke hugeuka mwanamume. Darasa huangua kicheko. Mwalimu hutabasamu, huandika mfano huo ubaoni, kisha somo huendelea na sifa za visasili kutoka (a) hadi (e).

Makala haya yananuia kulirudia jiwe hilo na kuliuliza maswali ambayo mhakiki huiuliza matini yoyote ya fasihi. Kwa nini jamii itunge na kuhifadhi simulizi kama hii? Inaogopa nini? Inatamani nini? Kicheko kile kinaficha nini? Aidha, tutailinganisha simulizi hiyo na miviga ya iweto na kilumi, kisha tutavuka hadi kwenye riwaya tatu ambazo walimu wengi wa Kiswahili wanazifahamu: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Hoja yetu kuu ni kwamba katika fasihi hii mtu huikubali nafsi yake kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: sanaa anayoitenda, na kundi linalokubali kumpokea. Palipo na moja pasipo nyingine, mhusika huangamia au hubaki nusu.

Ni muhimu tuweke wazi istilahi tatu. Jinsia tunaitumia kwa maana ya uume au uke anaopewa mtu na maumbile pamoja na jamii. Ujinsia ni jinsi mtu anavyouhisi na kuuishi uume au uke huo, pamoja na mapenzi yake. Utambulisho ni jibu la swali: wewe ni nani? Swali hili lina majibu mawili, lile analolitoa mtu mwenyewe na lile analopewa na watu. Majibu hayo yasipooana, ndipo mgogoro wa nafsi huzuka.

Mawe mawili, masimulizi mawili

Ukamba una mawe mawili mashuhuri ambayo hayajalinganishwa vya kutosha darasani. La kwanza ni mwamba wa Nzaui, katika Kaunti ya Makueni. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakamba yaliyorekodiwa na mtafiti kutoka Uswidi, Gerhard Lindblom, mwanzoni mwa karne ya 20, Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza kutoka mawinguni hadi kwenye mwamba huo, nao wakaacha nyayo zao juu yake. Hiki ni kisasili cha usuli kilichotimia. Kina muumba, kina wakati wa kale usio na tarehe, na kina mahali halisi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Dhima yake ni kuuthibitisha mpangilio wa jamii: mume na mke wamekuwapo tangu mwanzo, na ushahidi umechapwa jiweni.

Jiwe la pili ni Nzambani, lisilo mbali na mji wa Kitui. Siku hizi lina ngazi za chuma zinazomfikisha mgeni kileleni. Simulizi yake inatofautiana na ile ya Nzaui karibu katika kila kipengele. Haina muumba. Haina wakati wa kale, kwa maana kinachosimuliwa kinaweza kutendeka leo alasiri. Mtendaji wake ni binadamu wa kawaida mwenye miguu miwili. Nyayo za Nzaui zimetulia mwambani. Nyayo za Nzambani zingali zinatembea. Hata jina lenyewe humkumbusha msikilizaji wa Kikamba neno nzamba, yaani jogoo. Ni kinaya cha kuvutia kwamba mahali ambapo jina lake linasikika kama la dume ndipo dume linaposemekana kugeuka.

Hebu tuitazame idadi ya mizunguko. Watambaji hutofautiana kuhusu masharti mengine, lakini kuhusu mara saba hawatofautiani. Mwanafunzi mwepesi ataandika kwamba saba ni idadi ya kifasihi inayopatikana katika ngano nyingi, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, mhakiki anapaswa kwenda mbele zaidi. Jiwe la Nzambani ni kubwa. Kulizunguka mara moja ni kazi, na kulizunguka mara saba ni azimio. Kwa hiyo katika simulizi hii hakuna anayegeuka kwa bahati mbaya wala kwa kurogwa. Kila mzunguko ni nafasi ya kuacha na kurudi nyumbani. Aliyemaliza wa sita akaanza wa saba anajua anachokitaka. Simulizi inayochekwa kumbe imekiri jambo zito: kwamba yupo, au anaweza kuwapo, mtu anayetamani kuwa kinyume na anavyoitwa, na kwamba tamaa hiyo inaweza kuwa na nguvu ya kumtembeza mizunguko saba juani.

Hapa ndipo dhima ya kicheko inapojitokeza. Katika fasihi simulizi, utani ni chombo cha kusemea yasiyosemeka. Jamii inayoona aibu kuzungumzia ujinsia mbele ya watoto haioni aibu kuwasimulia kisa cha Nzambani, kwa kuwa kicheko kimetangulia kusafisha njia. Lakini kicheko kina makali mawili. Humruhusu mtambaji aseme, na papo hapo humwonya msikilizaji asithubutu. Mwanafunzi mmoja kati ya wale hamsini ambaye moyoni amejiuliza maswali haya naye hucheka, pengine kuliko wenzake wote.

Simulizi hii pia ina pengo la kimsuko. Huishia pale mtu anapogeuka. Haisemi aliyegeuka alirudi kwa nani, mama yake alimwita jina gani, wala kama alipewa kiti alipoingia uani. Simulizi inajua jinsi ya kumgeuza mtu. Haijui jinsi ya kumpokea. Ili kupata jibu la jamii kuhusu mapokezi, inatubidi tuache masimulizi tuingie katika miviga.

Iweto: uhusika uliotenganishwa na maumbile

Miongoni mwa Wakamba, mwanamke aliyekosa mtoto, au aliyekosa mtoto wa kiume wa kuirithi nyumba yake, aliweza kuoa mwanamke mwingine. Mwanamke huyo aliyeolewa huitwa iweto. Mahari hutolewa kama ilivyo desturi. Iweto huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyemwoa; hubeba jina la nyumba hiyo na kurithi mali yake. Desturi za aina hii zinapatikana pia miongoni mwa Wanandi, Wakikuyu na jamii nyingine za Afrika. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Wanandi katika kesi ya urithi.

Mtahiniwa aelewe jambo moja kabla hatujaendelea. Iweto haikuwa ndoa ya mapenzi ya jinsia moja. Shabaha yake ilikuwa uzazi, jina na urithi. Anayeandika kwamba iweto ni ushoga wa kale amekosea kimantiki na kihistoria, na anayeitaja kama ushahidi katika mabishano ya leo, kwa upande wowote ule, anaibebesha mzigo usiokuwa wake.

Hata hivyo, kwa mhakiki wa fasihi, iweto ina funzo ambalo haliondolewi na tahadhari hiyo. Tukiutazama mviga huu kama mchezo wa kuigiza unaotendwa katika maisha halisi, tunaona kwamba jamii iliweza kuutenganisha uhusika na mwili wa mwigizaji. Mume, katika mviga huu, ni nafasi. Ni yule anayetoa mbuzi, anayemkaribisha mke katika boma, ambaye watoto wanahesabiwa kwake. Mwanamke aliyeitwa tasa, neno ambalo katika lugha zetu ni karibu na tusi, aliingia katika nafasi hiyo na jamii nzima ikashuhudia. Hakujikubali akiwa peke yake ndani ya nyumba. Alikubalika kwanza mbele ya hadhira, kwa vitendo, mavazi na maneno yaliyopangwa, kisha akaweza kusimama mlangoni pake kama mwenye nyumba.

Nafasi hiyo ilikuwa na bei yake, na mara nyingi aliyeilipa ni mwingine. Sauti ya iweto mwenyewe husikika kwa nadra katika maelezo ya desturi hii. Je, alitoka katika nyumba ya aina gani? Aliulizwa? Watoto wake walipokwenda shule na kuulizwa jina la baba, walijibu nini mbele ya wenzao? Uhakiki wa haki humsikiliza na yule ambaye mviga umemnyamazisha. Jamii iliyomfariji mwanamke mmoja kwa kumnyamazisha mwingine haijalitatua suala la utambulisho, imelihamisha.

Kilumi na mwethya: sanaa haitendwi na mtu mmoja

Kilumi ni ngoma ya Wakamba inayotawaliwa na wanawake, hasa wa makamo na wazee. Ngoma zake ni ndefu na nzito. Huchezwa wakati wa kuomba mvua, na huchezwa pia kwa ajili ya kuwatibu waliopagawa na pepo. Katika hali hiyo ya pili, pepo hunena kupitia kinywa cha aliyepagawa na kudai vitu: nguo fulani, kifaa fulani, mnyama, au ngoma yenyewe. Watu wa nyumbani hutafuta kinachodaiwa.

Mhakiki wa fasihi halazimiki kuamua kama pepo yupo au hayupo. Kazi yake ni kuuliza nani anazungumza katika utendaji huu, na kwa sauti ya nani. Mwanamke ambaye kwa mwaka mzima hawezi kudai chochote kwa jina lake, usiku wa kilumi anadai kwa sauti ya mwingine, na anasikilizwa. Ngoma imempa nafsi ya pili inayoruhusiwa kusema yaliyomo katika nafsi ya kwanza. Vipengele tunavyovifundisha kila mwaka vyote vimo: fanani, hadhira shiriki, maleba, ala, mdundo na takriri. Kipengele kinachostahili kupigiwa mstari ni hadhira. Hakuna kilumi ya mtu mmoja. Mgonjwa huzungukwa na wenzake, na wengi wao wamewahi kukaa pale alipokaa yeye.

Mwethya, kwa upande wake, ni kundi la kusaidiana kazi: kulima, kujenga, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika miteremko ya Ukambani. Kazi hiyo huandamana na nyimbo. Wanawake wa makundi ya aina hii pia husuka vyondo pamoja, mikono ikifanya kazi na vinywa vikitunga. Nyimbo hizo za kazi ni uwanja ambamo mjane, tasa, aliyeachika na aliyeolewa hupokezana mistari bila kuulizwa hali zao za ndoa. Jembe linahitaji mkono, wimbo unahitaji mwitikiaji.

Hapa tunamkumbuka mwanafalsafa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyefariki mwaka wa 2019. Katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alisisitiza kwamba Mwafrika hujijua kupitia jamii yake. Uwepo wa mtu mmoja umeshikana na uwepo wa wote. Walimu wengi huitaja kauli hiyo kama sifa tupu. Tukiisoma pamoja na mifano yetu, tunaona ina pande mbili. Ikiwa mimi nipo kwa sababu sisi tupo, basi sisi tukikataa kumhesabu mmoja wetu, tumeugusa uwepo wake wenyewe. Kundi linaloweza kumpa mtu nafsi ndilo hilo hilo linaloweza kumnyima. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachiwa mtu binafsi peke yake, wala haliwezi kuachiwa kundi bila kuulizwa maswali.

Kutoka kwa simulizi hadi riwaya

Tukivuka hadi fasihi andishi, riwaya ya Rosa Mistika inatupa mfano wa mtu aliyekosa vyote viwili. Rosa anakulia katika nyumba ya Zakaria, baba mlevi na mkali, kisiwani Ukerewe. Barua ya Charles inapogunduliwa, jibu la baba ni kipigo. Kuanzia hapo mwili wa Rosa unakuwa kitu cha kulindwa, kamwe si kitu cha kuzungumziwa. Anapotoka nyumbani kwenda kusoma, ulinzi unaondoka ghafla na hakuna mazungumzo yaliyochukua nafasi yake. Wanaume wanamzunguka, yeye hana lugha ya kuueleza ujinsia wake wala mtu wa kumweleza. Mwishowe Charles anampima kwa kipimo cha ubikira, na Rosa anajitoa uhai. Riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania baada ya kuchapishwa. Marufuku hiyo yenyewe inaithibitisha hoja ya Kezilahabi: jamii iliyomuua Rosa kwa kimya ilikijibu kitabu chake kwa kimya.

Tumtafutie Rosa sanaa yake katika riwaya nzima, hatuipati. Tumtafutie kundi lake, hatulipati. Ana watazamaji wengi na hadhira haipo. Watazamaji hukodoa macho. Hadhira, kama tulivyoona katika kilumi, huitikia.

Maimuna wa Utengano anapiga hatua moja zaidi. Naye amefungiwa na baba, Maksuudi, na naye anapotoka anaangukia mikono ya watu wanaoutumia mwili wake, kwa Madame Margret. Lakini Maimuna anaimba. Katika baa ya Rumbalola sauti yake inampa jina ambalo hakupewa na babake. Kwa mara ya kwanza kuna kitu anachokitoa mwenyewe kutoka ndani, badala ya vitu wanavyovichukua wengine kutoka kwake. Tatizo ni aina ya kundi lililomzunguka. Wasikilizaji wa Rumbalola ni wanunuzi wa bia, na mapenzi yao kwake yana bei iliyoandikwa ukutani. Sanaa ipo, kundi ni bandia, na ndiyo sababu wimbo unampandisha Maimuna jukwaani bila kumtuliza moyo.

Kongowea Mswahili wa Siku Njema anavipata vyote viwili, ingawa kwa taabu. Doa lake ni la kuzaliwa nje ya ndoa, na ulimwengu haukosi kumkumbusha. Amerithi kutoka kwa mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya, yaani umilisi wa maneno. Shuleni anajulikana kama Msanifu Kombo. Safari yake ndefu kutoka Tanga kumtafuta babake hadi pande za Kitale ni mizunguko ya aina yake kuzunguka jiwe la utambulisho. Njiani anakutana na watesi, lakini pia anakutana na watu wanaompokea kabla ya kumuuliza cheti cha kuzaliwa. Anapomfikia baba, sehemu kubwa ya kazi ya kujikubali imekwisha kufanywa, na imefanywa na lugha pamoja na watu hao.

Mpinzani wetu anaweza kusema kwamba Kongowea hana suala lolote la ujinsia, na kwa hiyo mfano huu haufai. Ni kweli kwamba katika riwaya hizi tatu suala la ujinsia linabanwa ndani ya mipaka ya msichana na wanaume wanaomtaka. Hakuna mhusika mkuu ambaye maumbile au mapenzi yake yanatoka nje ya mipaka hiyo. Lakini utaratibu wa aibu ni mmoja. Mtu anaambiwa kwamba kitu ambacho hakukichagua ni kosa lake. Anakificha. Kinageuka kuwa donda. Kisha inampasa kupata namna ya kukisema na watu wa kukisikia. Mwanafunzi anayeuelewa utaratibu huo kwa Kongowea ameelewa pia mengine ambayo kitabu hakikuyataja.

Muktadha wa leo

Fasihi ni zao la jamii, na mwalimu anayefundisha suala hili anapaswa kuujua muktadha kwa usahihi badala ya kutegemea uvumi. Katika kesi ijulikanayo kama ya R.M., mtu mmoja huntha aliyekuwa ameshtakiwa mahakamani Kitui na baadaye kufungwa katika gereza la Kamiti alilalamika kwamba alidhalilishwa katika upekuzi wa mwili. Mnamo Desemba 2010 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi 500,000 kwa udhalilishaji huo, lakini ilikataa kutambua jinsia ya tatu. Mwaka wa 2019 sensa ya Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, na watu 1,524 wakaandikishwa. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inamtambua na kumlinda mtoto huntha. Kwa watahiniwa wetu, uamuzi wa Oktoba 2014 uko karibu zaidi: Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina katika cheti cha Audrey Mbugua na kuondoa alama ya jinsia.

Kuhusu mapenzi ya jinsia moja, sheria ya Kenya bado inayaharamisha matendo hayo, na Mahakama Kuu iliviacha vifungu husika vibaki katika uamuzi wake wa tarehe 24 Mei 2019. Mwalimu haruhusiwi kujifanya hajui jambo hili. Lakini sheria hiyo hiyo haimpi yeyote ruhusa ya kumtusi mwanafunzi wala kumfanya kitu cha kuchekwa darasani.

Wasanii hawakungoja mahakama. Binyavanga Wainaina, aliyeshiriki kuanzisha jarida la Kwani? mwaka wa 2003, alichapisha insha mnamo Januari 2014 iliyoandikwa kwa namna ya mazungumzo na mama yake aliyekuwa amekwisha kufariki, akijieleza kuwa ni shoga. Hakuandika kwa Kiswahili na hakuwa wa Ukambani, lakini mfano wake unaafikiana na hoja yetu. Alijieleza kwa sanaa aliyoimudu, na alijieleza akiwa amekwisha kuzungukwa na kundi la waandishi alilosaidia kulijenga kwa zaidi ya miaka kumi. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, yenye kisa cha wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2018, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Siku saba, mizunguko saba: ni sadfa tu, lakini ni sadfa ambayo mwanafunzi wa Kitui haisahau.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwanza, kicheko cha Nzambani kisipigwe marufuku, kichambuliwe. Mwalimu aulize: tumecheka nini? Kama aliyegeuka angekuwa ndugu yako, angepokelewa vipi akifika nyumbani? Wanafunzi waandike sehemu ya pili ya simulizi, ile isiyosimuliwa, kuanzia aliyegeuka anapoikaribia boma ya mama yake. Zoezi hili hufundisha utunzi, msuko na nafsi ya usimulizi kwa pamoja.

Pili, uigizaji upewe heshima yake. Katika shule za wavulana, kila msimu wa tamasha za drama kuna mvulana anayevaa kanga na kuwa nyanya au bibi harusi. Katika shule za wasichana kuna anayejibandika ndevu akawa chifu. Wenzao hucheka, kisha pazia hufungwa. Kwa walio wengi ni mchezo. Kwa wachache ni saa moja ya mwaka mzima ambayo wanapumua. Mwalimu hana haja ya kujua ni nani. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba jina la mhusika halimfuati mwigizaji bwenini kama tusi.

Tatu, mwanafunzi asilazimishwe kujitaja. Tungo zizungumze kupitia wahusika. Faida ya fasihi ni kwamba mtu anaweza kuyatetea maisha yake mwenyewe huku akimtetea Kongowea.

Nne, mwalimu achunge msamiati. Huntha ni istilahi. Maneno ya vichochoroni ni silaha. Anayesahihisha kosa la ngeli na kuliacha tusi lipite amesahihisha nusu ya sentensi.

Kwa mtahiniwa

Katika Karatasi ya Tatu, mtahiniwa akiulizwa kuhusu visasili, mighani au miviga, anaweza kuitumia mifano ya Ukambani mradi azingatie haya. Ataje mfano kwa jina na mahali. Aeleze dhima yake katika jamii badala ya kusimulia kisa kizima. Aonyeshe sifa za utendaji: fanani, hadhira, maleba, mahali na wakati. Asilete hukumu za kidini au za kisiasa ambazo swali halikuziuliza. Akijadili mhusika wa riwaya, kila hoja ya utambulisho iandamane na tukio mahususi, kwa maana sentensi kama "Rosa alikosa kujikubali" haina alama mpaka tuambiwe ni wapi na kwa sababu gani.

Maswali ya marudio

1. Linganisha na utofautishe simulizi za Nzaui na Nzambani kwa kuzingatia mtendaji, wakati na dhima. (alama 10)

2. "Iweto ni mviga unaomfariji mmoja kwa kumnyamazisha mwingine." Jadili. (alama 10)

3. Ukirejelea utendaji wa kilumi au mviga mwingine wowote wa jamii yako, eleza jinsi hadhira inavyochangia utambulisho wa mtendaji. (alama 10)

4. Linganisha nafasi ya wimbo katika maisha ya Maimuna na nafasi ya maneno katika maisha ya Kongowea. (alama 20)

5. Tunga mwendelezo wa simulizi ya Nzambani usiozidi kurasa mbili, ukianzia pale mzunguko wa saba unapokamilika. Mhusika wako afike nyumbani. (alama 20)